Benki haiwezi kukulindia nchi yako

KIJANA mwenzangu, hapo kijiweni mnapobishana habari za mpira na siasa, umewahi kusikia nchi inayoitwa Nauru? Usione haya kama hujaisikia. Ni kisiwa kimoja tu katika Bahari ya Pasifiki, kilometa za mraba 21, watu kama 12,000. Lakini kisa chake kinakuhusu, nawe nakuomba unisikilize mpaka mwisho.

Nauru ilijaliwa fosfeti, mawe yanayotengenezewa mbolea. Wakoloni walianza kuyachimba tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Uhuru ulipatikana mwaka 1968, na muda si mrefu wananchi wakayachukua machimbo yao. Pesa zikamiminika. Katika miaka ya 1970 Nauru ilihesabiwa miongoni mwa nchi tajiri kabisa duniani kwa pato la kila mtu. Kodi ya mapato hakuna, hospitali bure, shule bure. Ukawekwa na mfuko wa akiba ili siku mawe yakiisha watoto wasilale njaa.

Basi uliza, akiba ile ilikwenda wapi?

Wakubwa walijenga jengo la ghorofa 52 mjini Melbourne, Australia. Wakaendesha shirika la ndege kubwa kuliko abiria wake. Mwaka 1993 wakagharamia mchezo wa kuigiza wenye nyimbo mjini London, uliofungwa baada ya wiki chache. Mwaka huohuo Australia ilikubali kulipa dola zake milioni 107 kumaliza kesi ya ardhi iliyoharibiwa enzi za ukoloni. Kumbe mkoloni walimbana vizuri, ila wao kwa wao hakuna aliyembana mwenzake!

Mawe yakapungua, madeni yakapanda. Hapo ndipo ikaingia Benki ya Maendeleo ya Asia, ADB. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilitoa mkopo wa dola milioni 5 za Marekani kwa ajili ya mageuzi, na mageuzi yenyewe yakiwa pamoja na kupunguza wafanyakazi wa serikali. Umeona hapo? Pesa waliponda vigogo, mkanda akafungwa mlalahoi! Nayo mageuzi hayakushika. Kati ya mwaka 1999 na 2003 kiti cha urais kilikuwa kikienda na kurudi kati ya René Harris na Bernard Dowiyogo, huku benki ya nchi ikikosa hata noti za kuwapa wenye akaunti. Mwaka 2004 lile jengo la Melbourne likauzwa kulipa madeni. Mwaka 2005 ndege ya mwisho ikakamatwa na wadai.

Tusiwe wanafiki. ADB imefanya mambo ya maana pia. Mwaka 2017 iliidhinisha msaada wa zaidi ya dola milioni 21 kwa ajili ya bandari, maana Nauru meli haikuweza kufunga gatini, mizigo ikishushwa kwa vyombo vidogo. Mwaka 2019 ikatoa msaada wa umeme wa jua. Na mwaka 2015 ilikuwa miongoni mwa walioanzisha mfuko mpya wa akiba, pamoja na Australia na Taiwan, na wafadhili wakakaa katika kamati ya kuusimamia.

Sasa nikuulize, kwa nini akiba ya watu huru ilindwe na mgeni?

Jibu tulitafute mwaka mmoja nyuma. Mwaka 2014 serikali ya Nauru ilipandisha ada ya viza ya mwandishi wa habari kutoka nje hadi dola 8,000 za Australia, na hairudishwi hata ukikataliwa. Mwaka huohuo wabunge watano wa upinzani, katika Bunge la watu 19, walisimamishwa. Kosa la watatu wa kwanza? Kuisema serikali kwenye vyombo vya habari vya nje. Aliyepaswa kuuliza hesabu akafukuzwa mlangoni, kisha mgeni akakaribishwa kushika ufunguo!

Mgeni naye ana safari zake. Mwezi Januari 2024 Nauru iliivunjia uhusiano Taiwan na kuitambua China. Mfadhili wa jana si lazima awe mfadhili wa kesho. Mwananchi ndiye asiyehama.

Kijana, benki inaweza kujenga gati, hata kukutengenezea kufuli. Haiwezi kukuulizia maswali yako. Mali ya Nauru haikuliwa gizani kwa kuwa hakukuwa na taa; ililiwa kwa sababu waliokuwa na haki ya kuuliza walinyamaza wakati pesa zipo, na waliponyanyua midomo pesa zilikuwa zimekwisha.

Ukiona mbunge anafungiwa mdomo kwa kuuliza hesabu, usicheke. Ni mfuko wako unaotobolewa.

Mwenye macho haambiwi tazama.