Mwewe Hayuko Kwenye Programu

SIKIO LA KALULU
Na Papa Kalulu

Jumanne jioni, umeme ukiwa umekwenda (siku ukirudi nitawatangazia hapa hapa), mjukuu wangu aliniletea daftari nitie saini. Interro ya sayansi, pointi 4 kwa 10. Swali la tatu lilipigwa msalaba wa biki nyekundu uliokaribia kutoboa karatasi. Swali: ndege anarukaje? Mtoto aliandika: "Wengine wanapiga mabawa. Mwewe anatulia tu, hewa ya moto inambeba."

Sifuri.

Nilisoma mara mbili kwa mwanga wa mshumaa, nikadhani macho ya uzee yananidanganya. Nikalifunga daftari bila saini.

Kesho yake nikavaa kofia, nikaenda shuleni. Mwalimu ni kijana mwenye adabu, alinipa kiti chake mwenyewe. Nikamwonyesha jibu.

"Papa," akasema, "kitabu kinasema ndege anaruka kwa kupiga mabawa."

Nikamwonyesha dirisha. Mwezi huu wa kumi ardhi inawaka, porini wanachoma majani, na mwewe wamejaa juu ya mji. Wawili walikuwa wanazunguka upande wa sheminee ya kiwanda cha Gécamines, juu ya kile kilima cheusi cha taka zake, ambacho jua likikipiga kinakuwa jiko. Wanapanda tu, mabawa wameyanyoosha kama nguo kwenye kamba.

"Na wale?"

Akawatazama kidogo, kwa heshima yangu. "Wale hawako kwenye programu, Papa."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, Katuba nzima, sikumsalimu mtu. Walioikosa salamu yangu wanisamehe.

Njiani nilikuwa namkumbuka Colin Pennycuick, Mwingereza aliyefariki Desemba 2019, na ambaye hapa kwetu sijasikia mtu akimtaja hata kwa bahati mbaya. Alifundisha chuo kikuu cha Nairobi kuanzia 1968, kisha akaenda Serengeti. Vitabu vilisema mengi juu ya ndege, naye hakuridhika. Alichukua planeri, ile ndege inayoelea bila injini. Yake ilikuwa na kijiinjini cha kuinukia tu. Akifika juu anakizima, anakaa kimya katikati ya tumbusi, anazunguka nao katika hewa ile ile ya moto, anapima. Wakipanda anapanda, wakishuka anashuka. Ndivyo alivyojua kwamba tumbusi mgongo-mweupe akishuka mita 1 amekwisha kwenda mbele karibu mita 15. Watu wa planeri walikuwa wamezoea kuwafuata ndege ili wapate hewa inayopanda. Yeye aliwafuata ili awe mwanafunzi wao.

Tazameni basi: mwalimu wa chuo kikuu anafundishwa na mla mizoga, wala haoni haya. Wetu anafundishwa na mtoto wa miaka tisa, anatafuta biki nyekundu.

Na kuna jambo linalonichoma zaidi. Pennycuick alipomaliza kukusanya hesabu zake za miaka yote, alizitia katika programu ya kompyuta, akaitoa bure. Unaweka uzito wa ndege wako na urefu wa mabawa yake, inakuambia atarukaje. Kila mtu achukue, kila mtu apime kama mzee amekosea. Nchini kwetu shemeji wangu wa Bel-Air alirudia mwaka chuoni kwa sababu hakununua silabo ya profesa. Silabo yenyewe ilikuwa fotokopi ya fotokopi, ukurasa wa 12 hausomeki, na swali la mtihani likatoka ukurasa wa 12. Anayeuza elimu yake kwa karatasi anaogopa mwanafunzi atakayeinua macho. Hiyo ndiyo sababu yote, msinitafutie nyingine.

Jumamosi nilimchukua mjukuu na wenzake wanne, tukakaa mahali tunapokiona kilima cheusi. Nikawaambia wahesabu mwewe anazunguka mara ngapi kabla ya kupiga bawa. Mmoja alifika 11, wengine wakambishia, wakaanza upya. Hakuna aliyeniuliza jibu sahihi, maana lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Kurudi, mjukuu akanishika mkono.

"Kambo, interro nyingine niandike nini?"

"Andika mwewe."

"Nikipata sifuri?"

"Utaniletea."

Daftari bado liko mezani kwangu, bila saini. Mwalimu akija kulidai, nitampokea vizuri: mama wa nyumba ameahidi bukari na sombe. Ila kwanza tutakaa nje, tutazame juu pamoja. Akisisitiza kwamba mwewe hayuko kwenye programu, basi na yeye hayuko kwenye bukari.