Kasoro Ndogo, Lakini Iko Wapi?

Umetoka Kirinyaga Road na disiki mpya ya breki. Kufungua boksi, unapata ina alama. Muuzaji anasema, "Hiyo haina noma, buda." Fundi wako anasema irudishe. Utamwamini nani?

Usimwamini yeyote kabla hujajiuliza: mahali penye kasoro panafanya kazi gani?

Kutu nyepesi usoni mwa disiki isikukoseshe usingizi. Chuma kikipata unyevu hushika kutu, na ukikanyaga breki mara kadhaa pedi zinaisugua inaisha. Rangi iliyobanduka katikati ni mambo ya urembo tu. Lakini ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, hapana! Ukiteremka Mai Mahiu disiki inashika moto sana, na moto huo ndio unaoupanua ufa. Tairi pia ni hivyo hivyo. Vinywele vya mpira kwenye tairi mpya ni kawaida, ila ikivimba ubavuni jua nyuzi za ndani zimekatika.

Najua risiti imeandikwa "mali ikiuzwa hairudishwi". Hiyo isikutishe. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Piga picha, weka risiti, na usikubali spea ifungwe kwanza "tuone itaendaje". Ikishafungwa, watasema ni wewe uliyeiharibu.

Kurudi dukani ni nauli ya mathree tu. Breki zikikataa mteremkoni, utamrudishia nani?