Nyarugusu: mizimu au matimba mabovu?

Kila nikirudi Dar kutoka Kanda ya Ziwa naulizwa swali lile lile. Sio bei ya dhahabu, sio barabara, sio maji. Naulizwa, "Vipi, umekutana na mizimu huko?" Na anayeuliza huwa ana digrii, ana simu kali, na tayari ameshaanza kucheka kabla sijajibu. Leo naomba nijibu kwa kirefu, ili siku nyingine nikiulizwa niwaelekeze tu hapa.

Kwanza tuwekane sawa. Nyarugusu ninayoisema sio ile kambi ya wakimbizi ya Kasulu, Kigoma, iliyoanzishwa mwaka 1996. Hii ni Nyarugusu ya Geita, kata ya wachimbaji wadogo: maduara, makarasha yanayosaga mawe usiku kucha, mama ntilie, bodaboda, baa, na gesti. Zamani tungesema iko mkoani Mwanza, maana Geita yenyewe ilikuwa mkoa tu kuanzia 2012.

Haya. Wenzetu Marekani wana hoteli moja maarufu iliyoko milimani, inaitwa Stanley, katika mji wa Estes Park, jimbo la Colorado. Ilifunguliwa mwaka 1909. Mwandishi Stephen King alilala pale mwaka 1974, akatoka na wazo la riwaya yake ya The Shining iliyochapishwa 1977. Leo watu wanalipia kutembezwa korido za hoteli ile wakitafuta mizimu, na chumba namba 217 kinagombewa. Kinachonichekesha ni hiki: mzimu wa chumba hicho unasemekana ni wa mhudumu aliyelipukiwa na gesi mwaka 1911. Yule mama aliumia kweli, lakini hakufa kwenye ule mlipuko! Alipona. Hadithi ikamgeuza mzimu hata hivyo, na biashara ikaendelea.

Sisi hoteli za zamani za milimani tunazo. Nenda Marangu chini ya Kilimanjaro, nenda Lushoto ambako Wajerumani walikuita Wilhelmstal. Lakini Geita kilichozeeka ni mashimo. Wajerumani walikuta dalili za dhahabu eneo la Geita mwaka 1898. Mgodi mkubwa ukaja wakati wa Mwingereza, miaka ya 1930, ukachimba hadi 1966 ukafungwa. Waliokuwa na mitambo waliondoka, mashimo yakabaki. Baadaye wachimbaji wadogo wakafurika, hasa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilipolegeza kamba na kuruhusu raia kuchimba na kuuza. Mgodi mkubwa wa sasa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000. Kwa hiyo chini ya ardhi ile kuna miaka mingi ya watu kuingia gizani, na sio wote waliotoka.

Hapo ndipo hadithi zinapoanzia. Nimezisikia nyingi, mezani kwa mama ntilie na kwenye mabenchi ya gesti. Kuna duara la zamani ambako usiku unasikia moko na nyundo zikigonga, na hakuna mtu chini. Kuna taa inayotembea kilimani. Kuna dhahabu ya Mjerumani inayolindwa na nyoka. Kuna msukule anayemchimbia tajiri fulani bila kulipwa (hii ya mwisho ukiifikiria vizuri sio hadithi sana, nawajua vijana kadhaa wanaochimbia matajiri bila kulipwa, na wako hai kabisa).

Gesti niliyofikia safari iliyopita ilikuwa na chumba kimoja mwisho wa korido hakipangishwi. Nikamuuliza dada wa mapokezi. Akasema, "Hicho kina mwenyewe, kaka." Mwenyewe ni nani? Mchimbaji aliyelipia siku tatu, akaacha begi, akaenda duarani, hakurudi. Miaka mingi sasa. Wanasema usiku anakuja kuangalia begi lake. Nikaomba kuona kitabu cha wageni cha wakati ule, dada akacheka, akasema kilishaliwa na mchwa. Lakini akaniambia kitu ambacho hakijanitoka: kitabu kile kilikuwa na jina lake, kabila lake, anakotoka na anakokwenda, kama kila gesti nchi hii inavyomwandikisha mgeni, maana polisi wanaweza kuja kukagua. Kule duarani alikofia hakuandikwa popote.

Sasa hapa ndipo mimi na wacheka-mizimu wa Dar tunapoachana. Wao wanadhani kuna majibu mawili tu: ama mizimu ipo, ama watu wa Kanda ya Ziwa ni washamba. Mimi nasema hadithi hizi zisikilizwe kwa sikio la mkaguzi wa migodi.

Chukua zile sauti na vivuli. Duara refu lisilo na njia ya pili ya hewa likishushwa mashine ya mafuta ya kuvuta maji linajaa moshi. Ndani ya moshi ule kuna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikikuingia kidogo kidogo kichwa kinauma, miguu inalegea, akili inachanganyikiwa. Ikizidi unalala moja kwa moja. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika habari za familia moja iliyohamia nyumba kubwa ya zamani ikaanza kusikia nyayo na kuona watu wasiokuwepo. Hata maua yao yalikuwa yananyauka. Kumbe tanuri la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu, linawatilia ile ile kaboni monoksidi ndani. Walipolitengeneza, mizimu ikahama! Ongeza na zebaki inayochomwa kwenye kikaango kusafisha dhahabu, tena mara nyingi uani nyumbani. Mvuke wake ukivutwa kwa muda mrefu unaleta mikono kutetemeka, kukosa usingizi na kubadilika tabia. Mtu wa namna hiyo akikuambia hakulala usiku kwa sababu ya vishindo, usimcheke. Mpeleke akapimwe.

Na sisemi kila hadithi ina gesi ndani yake. Nyingine ni hadithi tu, watu wamechoka, wanapiga stori, basi. Ninachokataa ni matumizi yake.

Maana mzimu una kazi duarani. Duara likititia, swali la kwanza lingetakiwa kuwa matimba. Nani alikagua ile miti inayozuia kuta? Ilibadilishwa lini? Mvua ilinyesha siku ngapi? Kwa nini walishuka? Badala yake unasikia "pale pana wenyewe", au kuna mtu alivunja masharti, alishuka na viatu, au mwanamke alisogea. Mwenye duara anapumua. Mzimu hadaiwi fidia, hafikishwi mahakamani, na akikasirika dawa yake ni mbuzi mmoja. Miti mipya ni ghali kuliko mbuzi. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza.

Mererani mafuriko yaliua makumi ya wachimbaji mwaka 1998, yakaua makumi tena mwaka 2008. Bariadi, Januari 2024, kifusi kikaua zaidi ya 20. Mara zote ni mvua, na mashimo, na watu walioshuka wakati hawakutakiwa kushuka.

Halafu kuna upande ambao hauchekeshi hata kidogo. Ukishakubali kwamba dhahabu ina mwenyewe asiyeonekana, hatua inayofuata ni kumtafuta mtu wa kukuombea kwake, na huyo mtu ana bei yake. Kuanzia 2007 nchi hii ilianza kusikia mfululizo wa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, wengi Kanda ya Ziwa, viungo vyao vikitafutwa kwa ajili ya utajiri. Mwaka 2010 watafiti Deborah Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Richard Sherrington waliandika wazi juu ya uhusiano wa mauaji hayo na wachimbaji wadogo wanaosaka bahati kwa waganga. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka ule Mahakama Kuu ikiwa Kahama ikawahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto wa miaka 14. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Mwezi uliofuata, Februari, mtoto wa mwaka mmoja akaporwa kwa mama yake Chato, hapo hapo mkoani Geita, akakutwa amekufa. Na kabla ya hao kulikuwa na bibi zetu wa Usukumani, waliouawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia miaka hamsini.

Kwa hiyo ukiniuliza mizimu huku unacheka, samahani, mimi sicheki.

Lakini nisiwe mchoyo, kuna hadithi mbili za kweli ambazo ningependa zisimuliwe kwenye gesti badala ya zile za nyoka. Ya kwanza ni ya Nyangalata, Kahama. Tarehe 5 Oktoba 2015 kifusi kilifunika wachimbaji, sita wakabaki chini. Watu walikuwa wameshakata tamaa nao. Siku 41 baadaye, katikati ya Novemba, watano wakatolewa wakiwa hai. Mwenzao alikuwa amefia humo. Walikula mende na vyura, wakanywa maji machafu yaliyokuwa yakidondoka. Fikiria sauti ya mtu wa namna ile ikitoka ardhini siku ya thelathini na tisa. Ukiamini kila sauti ya duarani ni ya mzimu, utakimbia, na yeye atakufa.

Ya pili ni ya Nyarugusu yenyewe. Tarehe 26 Januari 2017 kifusi kiliwafungia watu 15 ndani ya mgodi wa RZ, Watanzania 14 na Mchina mmoja. Siku tatu baadaye wakatoka wote wakiwa hai. Nchi nzima ilisimama. Unaona tofauti? Tangu siku ya kwanza ilijulikana wako 15. Idadi ilikuwepo, na kila aliyekuwa juu alijua hesabu haijatimia mpaka atoke wa kumi na tano.

Pasipo na idadi ndipo mizimu inapozaliwa. Angalia Bulyanhulu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa na mashimo yakafukiwa. Zikaibuka tuhuma kwamba zaidi ya watu 50 walifukiwa humo wakiwa hai. Serikali na kampuni wakakanusha, na ofisi ya malalamiko ya Benki ya Dunia ikasema mwaka 2002 kuwa haikuona ushahidi. Wanasheria waliolishikia bango, Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala, wakashtakiwa kwa uchochezi. Miaka karibu 30 watu bado wanabishana ni wangapi, au kama yupo hata mmoja. Kungekuwa na orodha ya walioshuka asubuhi ile, ubishi ungekwisha siku hiyo hiyo, kwa upande wowote ambao ukweli ungeangukia.

Kuna mzee mmoja wa pale Nyarugusu aliyenipinga, na hoja yake nimeshindwa kuitupa. Aliniambia, "Mwanangu, hizo hadithi ndio uzio wetu. Haya mashimo ya zamani hayana senyenge, hayana kibao. Mtoto ukimwambia kuna shimo hasikii. Ukimwambia kuna mzimu, hapiti." Ni kweli, na kwa mtoto wa miaka saba sina ubishi nayo. Nikamwambia lakini mzee, kijana wa miaka ishirini na mbili mwenye njaa yeye haogopi, yeye anatafuta mganga wa kumfungulia njia apite. Mzee akanyamaza kidogo. Akasema, "Huyo ndiye tunayemzika."

Nikamuuliza, kwa miaka yote aliyokaa pale, wamezika wangapi. Akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa majina ya utani, maana mengine hakuwahi kuyajua: Mpemba, Bukoba, Kijana wa Mashine, Mrefu. Alipofika wa kumi na moja akawa amechanganya, akaanza upya.

Ninachotaka ni kitu cha bei ya daftari. Mkaguzi akifika duarani, kabla ya kuuliza mrabaha, aombe kitabu cha walioshuka leo: jina, kijiji, namba ya simu ya ndugu, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Duara lisilo na kitabu lifungwe siku hiyo. Polisi wanajua kuifanya kazi hii, wanaifanya gesti kila siku.