Kura Si Kahawa ya Butura

Ndugu zangu wa Kanazi, hapa Kagera, watu mliosifika tangu enzi za Mukama Kahigi, mtawala wa zamani, kwa heshima na kwa kujua kujisemea, nina neno nanyi, na leo silimezi.

Siku hizi kiongozi akimaliza miaka yake mitano akaja kuomba tena, hatumuulizi amefanya nini. Tunatazama amebeba nini. Kampeni zilizopita nilikutana na mama mmoja mtu mzima, anayeheshimika, anatoka mkutanoni na kanga mpya begani na nusu kilo ya sukari kifuani. Nikamuuliza habari ya barabara tuliyoahidiwa. Akanijibu: "Mwanangu, mkono mtupu haulambwi." Sukari haikufika Jumapili. Barabara mnaipita wenyewe.

Butura tunaijua sote. Mibuni ingali na maua, mtoto anadaiwa ada, mnunuzi anabisha hodi na vijisenti, kahawa inauzwa ingali mtini. Msimu ukifika, mzee anachuma kahawa ya mtu mwingine katika shamba alilorithi kwa baba yake. Mwenye kuuza kura kwa sukari amefanya butura ya miaka mitano, na wanawe ndio watakaolipa.

Watazameni wenzetu wa Lamu, kaunti yenye visiwa huko pwani ya Kenya, watu 143,920 tu kwa sensa ya 2019. Mwaka 2013 walimchagua Issa Timamy kuwa gavana wao wa kwanza. 2017 wakamwondoa, wakampa Fahim Twaha. 2022 wakamtoa Twaha, wakamrudisha Timamy. Nani bora kati yao, wenyewe ndio wajuao. Ninachowasifia ni kwamba kiti kwao hakina mwenyewe.

Sisi wa Tanzania hatuna gavana; mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais, lakini mwenyekiti wa kijiji, diwani na mbunge tunawachagua. Tukiulizwa kwa nini tunawarudisha walewale, tunajitetea: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwani ni lazima tuliwe?

  

Nyinyi si watu wa kununuliwa, Mungu amewapa akili na ardhi njema. Mgombea akisimama tena uwanjani, aulizwe barabara, maji na zahanati kabla ngoma haijapigwa. Nawe mama yangu wa ile sukari, nakuomba uwe wa kwanza kunyoosha mkono.