Tela refu nyuma ya pikapu: Nafuu inayoweza kula mtaji

BEI ya dizeli ilipopita Sh3,000 kwa lita jijini Dar es Salaam mwaka 2022, wafanyabiashara wadogo wa mazao walilazimika kurudi kwenye daftari na kalamu. Mwenye pikapu yake anayenunua viazi Makambako au nyanya Ilula na kuzishusha Dar es Salaam alijikuta akihesabu mafuta kwa kila gunia na kila tenga, si kwa safari kama alivyozoea.

Katika hesabu ya namna hiyo, tela huonekana kuwa mkombozi. Pikapu hubeba takriban tani moja. Ikifungwa tela refu la ekseli mbili, mzigo huongezeka mara mbili au zaidi, dereva ni yule yule, utingo ni yule yule, na mafuta huongezeka lakini hayafikii yale ya safari mbili. Kwa mtu ambaye hawezi kujaza Fuso peke yake na hapendi kusubiri wenzake wakati nyanya zinaiva, jibu linaonekana limeshapatikana.

Hesabu hiyo si ya uongo, ila inaishia kwenye swali la iwapo gari litavuta. Pikapu ya dizeli yenye injini nzuri huvuta mzigo mkubwa kuliko inavyoweza kuusimamisha. Kwenye barabara ya Tanzania–Zambia swali la kusimama huulizwa mapema, kwani anayetoka Njombe au Ilula lazima ashuke Mlima Kitonga kabla hajafika Ruaha Mbuyuni.

Tatizo la kwanza ni uzito wenyewe kutojulikana. Mfanyabiashara husema amepakia magunia 12, na kichwani gunia ni kilo 100. Lakini yakiwa yameshonewa kichwa cha lumbesa, kila moja linaweza kufika kilo 130 au kupita hapo. Magunia 12 yaliyodhaniwa kuwa kilo 1,200 yanakuwa kilo 1,560. Tela tupu la chuma likiwa na kilo 600, jumla ni kilo 2,160 badala ya 1,800. Lumbesa inajulikana kwa kumpunja mkulima shambani. Barabarani humrudia mnunuzi yule yule, maana zile kilo 360 alizozipata bure zinamsukuma kwa nyuma mlimani.

Pikapu kubwa za dizeli za miaka ya karibuni, kama Toyota Hilux na Ford Ranger, huandikwa na watengenezaji kuwa zinaweza kuvuta hadi kilo 3,500. Wauzaji hupenda kuitaja namba hiyo. Kinachosahaulika ni kwamba ni kwa tela lenye breki zake lenyewe. Kwa tela lisilo na breki, kiwango kinashuka hadi kilo 750. Matela mengi yanayochomelewa gereji za mitaani, kwa ekseli ya gari lililokufa na mabomba ya chuma, hayana breki kabisa. Kwa kipimo hicho tela la mfano wetu, likiwa na magunia mawili tu ya lumbesa, limeshapita.

Namba nyingine inayofichika ni uzito wa msafara wote. Chukua pikapu ambayo ikiwa tupu ina kilo 2,100, na mtengenezaji ameruhusu gari na tela kwa pamoja zisizidi kilo 5,850. Ukifunga tela la kilo 3,500, zinabaki kilo 250 kwa ajili ya dereva, utingo na kila kilichomo ndani ya bodi. Kwa maneno mengine, anayejaza bodi hawezi kujaza tela, na anayejaza tela hawezi kujaza bodi. Kwa pikapu zilizoingia nchini zikiwa zimetumika shida huwa kubwa zaidi, kwa sababu kitabu chake ama hakikuja nalo ama kimeandikwa Kijapani. Hapo busara ni kuchukua kiwango cha chini, na wala si kuuliza kijiweni.

Jinsi mzigo unavyopangwa ina uzito sawa na wingi wake. Tela linatakiwa kuilalia pikapu kidogo pale linapounganishwa, kwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake wote. Tela la kilo 2,000 liweke pale kilo 200 hadi 300. Likilalia pungufu ya hapo, mkia huanza kucheza kushoto na kulia, na kila mwendo unapoongezeka mchezo huo unakua. Tela refu huleta kishawishi kibaya hapa, maana nafasi ya nyuma ni kubwa na ndiyo rahisi kupakia. Vijana wa kupakia huanzia nyuma, magunia mazito hukaa mkiani, na mbele hutupiwa makasha matupu. Inatakiwa iwe kinyume chake: mzigo mzito ukae chini, juu ya ekseli na mbele yake kidogo.

Kupima uzito huo hakuhitaji mtambo. Mizani ya jukwaa inayopimia magunia ghalani au kwenye chama cha ushirika inatosha. Tela likiwa limeshapakiwa, liwekwe sehemu tambarare, matairi yazuiwe kwa mawe, kisha mkono wake uegemezwe kwenye gogo lililosimama juu ya mizani kwa kimo kile kile cha kuvutwa. Namba itakayosomeka ndiyo uzito ambao pikapu itaulalia. Ikiwa ndogo, gunia moja au mawili yasogezwe mbele na kipimo kirudiwe. Ni kazi ya robo saa.

Lakini uzito huo ukizidi nao una adhabu. Kiungo cha tela kiko nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo kinafanya kazi kama mtaimbo. Pikapu ambayo matairi yake ya mbele na ya nyuma yameachana mita tatu, na kiungo kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli, ikilaliwa na kilo 200 itaongezewa kilo 280 kwenye matairi ya nyuma na kupunguziwa kilo 80 mbele. Matairi ya mbele ndiyo yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Dereva anayesema usukani umekuwa mwepesi kama wa baiskeli anaeleza jambo hilo hilo. Tena kilo hizo 200 ni sehemu ya mzigo wa pikapu: mwenye kilo 900 kwenye bodi, akajumlisha na watu wawili, ameshapita tani moja bila kujua.

Matairi ya tela nayo yana siri yake ubavuni. Tairi la gari dogo lenye ukubwa wa 195/65R15 kwa kawaida huandikwa 91, maana yake linabeba kilo 615. Tairi la gari la mizigo la 195R14C lenye namba 106 linabeba kilo 950. Tela la ekseli moja lenye matairi mawili ya aina ya kwanza linastahili kilo 1,230 tu, chuma na mzigo pamoja, hata kama bodi lake lina nafasi ya magunia ishirini. Matairi yaliyochakaa ya teksi ndiyo huishia kwenye matela, na ndiyo yanayopasuka mchana wa jua kali.

Sasa ni Kitonga. Gari linaposhuka mita 100 za kimo bila msaada wa injini, joto linaloingia kwenye breki ni kama la kulisimamisha kutoka mwendo wa kilomita 160 kwa saa, na mlima huo unashuka zaidi ya mita 100. Ikiwa tela halina breki, breki za pikapu pekee hubeba joto la magari mawili. Mafuta ya breki ya kawaida ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzijoto 205 au zaidi, lakini yakikaa muda mrefu hunyonya unyevu na kiwango kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka, pedali inakwenda mpaka chini bila kukamata kitu. Kumbe kubadilisha mafuta hayo kabla ya msimu ni gharama ndogo kuliko tenga chache za nyanya.

Madereva wazoefu wa malori hushuka kwa gia nzito, na gia hiyo huingizwa juu kabisa, kabla mteremko haujaanza. Anayengoja gari lichangamke ndipo atafute gia huikosa, na hapo anakuwa kwenye fri asiyoitaka. Breki hukanyagwa kwa nguvu ya kutosha kupunguza mwendo, kisha huachiwa zipoe. Mguu haupumzishwi juu ya pedali kilomita nzima. Kwenye kona, magurudumu ya tela refu hukata kwa ndani kuliko yale ya pikapu, na kwa kuwa upande wa pili kuna lori linalopanda, hakuna nafasi ya kuchukua upana. Dawa ni mwendo mdogo.

Mkia ukianza kuyumba, mara nyingi baada ya kupishana na basi au upepo wa ubavuni, hisia ya kwanza ya dereva ni kukanyaga breki. Hilo humfanya tela asukume zaidi na pikapu igeuke. Kuongeza mafuta ili 'kulinyoosha' nako ni kubahatisha. Mguu uondolewe kwenye mafuta, usukani ushikwe umenyooka, mwendo uachwe ufe wenyewe, kisha msafara usimame na mzigo usogezwe mbele. Tela lililoyumba mara moja litayumba tena likifika mwendo ule ule.

Wapo wanaodhani kwamba ukishavuka mizani umesalimika. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inagusa magari kuanzia kilo 3,500 na lengo lake ni kulinda barabara zisiharibike. Mizani haipimi breki, wala haiangalii kama gunia zito liko mkiani. Pikapu inaweza kupita kihalali kabisa na bado ikawa haiwezi kusimama.

Upande wa bima nao hutazamwa kijuujuu. Bima ya mtu wa tatu, ambayo ndiyo ya lazima na ndiyo wengi wanayokata, hulipa madhara ya wengine. Viazi vilivyomwagika korongoni hailipi, pikapu hailipi. Kwa mfanyabiashara aliyekopa mtaji, au aliyechukua mzigo kwa mali kauli kwa wakulima watano, ajali moja inaacha madeni matano kijijini. Kabla ya kufunga tela ni vyema aiulize kampuni yake ya bima, kwa maandishi, kama hati ya pikapu inalihusu na tela.

Kwa hiyo swali la biashara ni je, tela lenye breki, matairi sahihi na mzigo uliopimwa bado lina nafuu? Mara nyingi jibu ni ndiyo, ila nafuu yake ni ndogo kuliko ile ya kwenye daftari. Badala ya magunia 12 ya lumbesa juu ya bodi lililojaa, yatakuwa magunia kumi ya kilo 100 na bodi nusu. Fundi atalipwa kwa breki inayojikaza yenyewe pale tela linapoisukuma pikapu, na kwa minyororo miwili inayopishana chini ya kiungo ili mkono usichimbe lami ukichomoka. Zikiingizwa gharama hizo na hesabu bado ikawa sawa na kukodi nafasi kwenye Fuso la mwenzako, Fuso ni afadhali. Ikizidi, tela lifungwe, na dereva asimame Ruaha Mbuyuni baada ya mlima aguse kila kitovu cha gurudumu kwa kiganja, akaze nati, na aangalie kamba za turubai kabla ya kuingia Mikumi, na aingie mchana.