Damu ya Maracaibo, dawa ya nani?

Wasee, mnashangilia dawa za kunyamazisha jeni kwa ubongo, na sayansi yenyewe ni moto, sikatai. Jeni ikitaka protini itengenezwe, hutoa nakala yake, RNA, kama barua ya maagizo. Dawa ni kauzi kafupi kanakojibandika kwa hiyo barua, kisha seli yenyewe inaichanachana. Protini mbaya inapungua. Unadungwa kwa uti wa mgongo, juu ukidungwa kwa mshipa wa damu, dawa haipenyi kufika ubongo.

Sasa niambieni: walijuaje ni jeni gani ya kunyamazisha?

Chukua ugonjwa wa Huntington. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Mwili unajirusha wenyewe, akili inaenda, mwishowe unakufa. Kando ya ziwa Maracaibo, Venezuela, kuna vijiji vya wavuvi maskini ambako umejaa kuliko popote duniani. Kuanzia 1981 watafiti kutoka Marekani walikuwa wanaenda huko kila mwaka. Maelfu ya watu wakatoa damu. 1983 ikajulikana jeni iko kwa kromosomu ya 4. 1993 ikapatikana yenyewe.

Ruka hadi 2015. Dawa ya kunyamazisha hiyo jeni inajaribiwa kwa watu mara ya kwanza: Uingereza, Ujerumani, Kanada. Baadaye Roche ikafanya jaribio kubwa, watu 791, nchi 18. Venezuela haikuwemo.

Mtaniambia jaribio lilisimamishwa Machi 2021, dawa haikusaidia, so hawakukosa kitu. Zii. Hakuna aliyejua hivyo wakati wa kualika watu. Mwingine atasema watafiti walisaidia kufungua nyumba ya kutunza wagonjwa Maracaibo 1999. Asante, lakini ilikuja kufungwa. Huruma huisha pesa ikiisha. Makubaliano yaliyoandikwa unaweza kuyadai.

Na siku dawa ikifaulu? Spinraza, ambayo ni jamaa ya hizi, ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 750,000 mwaka wa kwanza. Mgonjwa mmoja. Mvuvi atatoa wapi?

Hii inatuhusu. Afrika ndiyo ina tofauti nyingi zaidi za jeni duniani, kwa hivyo mlango wetu utabishwa. Wakikuja na sindano na fomu, tafuta mstari unaosema dawa ikipatikana itarudi kwenu, na kwa bei gani.

Huuoni? Teremsha mkono wa shati, uende zako.