Zima muziki, mtazame hamali

Wiki hii nimetumiwa video tatu za Old Town zilizotengenezwa na AI. Zote zina hamali anavuta mkokoteni wa magunia huku amenyooka wima kama bwana harusi. Na nyinyi mnasifia! Wallahi, nendeni Marikiti asubuhi mumuone mwenyewe: kifua mbele, shingo imekaza, kisigino hakigusi chini. Uzito ndio huo. Shida si AI, shida hamjawahi kumtazama.

Richard Williams, aliyeongoza katuni za Who Framed Roger Rabbit (1988), alimuuliza mkongwe wa Disney, Milt Kahl, kama husikiliza muziki akichora. Mzee akamfokea: hana akili ya kufikiria mambo mawili kwa pamoja. Na huyo ndiye aliyemchora Shere Khan! Sisi je, tunachora huku tunaperuzi TikTok.

Sekunde moja ni fremu 24. Kila mchoro ukikaa fremu mbili, unachora 12. Kumi na mbili tu, jamani. Mimi niliacha chuo, sina cheti cha kuringia, lakini hatua moja ya hamali imenila siku nne na goti bado limekataa. Kesho saa kumi na mbili niko Marikiti tena na penseli. Simu naiacha nyumbani.